Sahihi tano za kutoa dawa zilikuwepo zote na bado dozi ilitakiwa isimame: kisa cha magnesiamu wodi ya wazazi, Moshi

Mama ana miaka ishirini na kitu, mimba ya pili, wiki 36, ametokea kituo cha afya upande wa Rombo na presha 172/114, kichwa kinamuuma sana, macho yanaona nyotanyota, protini kwenye mkojo plasi tatu. Hajadegedeka bado. Kituoni walifanya kazi nzuri kabisa na naomba hilo lisemwe mapema kwasababu mbele nitaigusa barua yao. Walimshusha presha, wakamuwekea kateta (mrija wa mkojo), wakampa magnesiamu salfeti, dawa ya kumkinga asidegedeke, dozi ya kuanzia kamili, yani gramu 4 kwenye mshipa taratibu na gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako, alafu gari la wagonjwa likateremka nae mpaka Moshi. Hospitali aliyofikia siitaji na mambo yake binafsi nimeyabadilisha ili asitambulike. Kisa nakiandika kwa ajili ya wanafunzi wa uuguzi na ukunga, hasa nyie mnaoanza kushika trei ya dawa wenyewe usiku.

Alifika mchana. Saa sita na dakika 20 akachomwa gramu 5 za mentenansi, yani dozi ya kuendeleza inayorudiwa kila masaa manne. Saa nane akaingizwa thieta, akapasuliwa kwa ganzi ya mgongoni, mtoto wa kike akalia vizuri, na saa tisa na nusu mama akarudishwa wodini. Saa kumi na robo ikawa muda wa magnesiamu tena, nesi wa zamu akagonga goti kupima refleksi, yani kama mguu unaruka wenyewe, goti halikuruka, akaandika kwenye chati "refleksi hakuna, ganzi ya mgongo", akachoma gramu 5 nyingine. Saa kumi na moja akachomwa diklofenaki ya maumivu ya kidonda kama ilivyoandikwa kwenye oda za baada ya upasuaji. Shifti ikabadilika. Kwenye makabidhiano ikasemwa mama anaendelea vizuri, presha imeshuka, magoti bado yana ganzi, dozi inayofuata saa mbili na robo usiku.

Kwahiyo usiku ule kuna manesi wawili kwa wodi nzima na mwanafunzi mmoja wa diploma mwaka wa tatu. Nesi ameshavuta dawa, mililita 10 za magnesiamu ya asilimia 50 pamoja na mililita 1 ya lignokeini ya kupunguza maumivu ya sindano, amehakiki ampuli na mwanafunzi, amehakiki jina, akamwambia tangulia kampime tukamchome. Hapo ndo kisa chenyewe kinaanza.

Kitandani yupo mama mkwe, kaja na mtori kwenye chupa tangu jioni na kagoma kuondoka. Mwanafunzi akamwamkia, akamuuliza mgonjwa amekula? Bibi akamjibu hajala kitu, nimemnywesha vijiko viwili kikamponyoka mkononi, na nimemwambia sista yule wa mchana kwamba huyu mtoto anaongea kama mtu aliyekunywa mbege, wakasema ni uchovu wa kisu. Mwanafunzi angeweza kuitikia "pole bibi" akaendelea, wengi tunafanya hivyo. Yeye akamuamsha mama, akamwomba ataje jina lake na la mtoto. Likatoka zito, linaburuta, na kope zinajifunga zenyewe.

Akahesabu pumzi dakika nzima, mkono uko kwenye kifundo kama anapima mapigo. 13. Akarudia, 13 tena. Oksijeni kwenye kidole asilimia 93. Akapima goti la kulia na la kushoto, kimya. Alafu akafanya kitu ambacho kwa maoni yangu ndo kilichomuokoa yule mama: akambinya kidole gumba cha mguu, akamuuliza unaskia? Mama akasema ndio, unanifinya. Sasa kama anaskia kufinywa kwenye kidole cha mguu masaa sita baada ya sindano, ganzi gani hiyo iliyobaki inayozuia goti kuruka? Akahamia mkononi, akaweka dole gumba lake kwenye uzi mnene wa ndani ya kiwiko, akagonga juu ya dole lake. Hamna. Mkono wa pili hamna. Akainama kwenye mfuko wa mkojo, mililita 70, na mfuko ulimwagwa mara ya mwisho mama anatoka thieta saa tisa na nusu.

Alirudi kwa nesi akasema, "Sista, samahani, naomba hii tusimchome kwanza." Nesi, ana mgonjwa mwingine anayetoka damu, akamjibu, "Mdogo wangu goti lake lina ganzi, soma chati." Mwanafunzi hakubishana kuhusu goti. Akasema, "Nimepima na mkono sista, mkono nao hauruki, pumzi 13, mkojo 70 tangu saa tisa na nusu." Ninapenda sana hilo jibu, na wanafunzi wangu nawafundisha hivyohivyo: ukimsimamisha mkubwa wako usimpe hofu yako, mpe namba. Nesi aliacha alichokuwa anafanya, akamwachia mwenzake yule wa damu, akaja akarudia vipimo mwenyewe, akaweka sirinji chini.

Kilichofuata kilienda haraka. Dozi ikazuiwa na ikaandikwa kwamba imezuiwa na kwanini, mama akawekewa oksijeni, akainuliwa kichwa, daktari akaitwa. Kateta ikaangaliwa kama imejikunja au mguu umeilalia, haikuwa hivyo, na kibofu kilikuwa tupu. Kwenye boksi la dharura kulikuwa na kalsiamu glukoneti, dawa inayopinga magnesiamu, ampuli moja, mililita 10 za asilimia 10, yani gramu 1, ikasukumwa kwenye mshipa taratibu kwa kama dakika 10 huku mapigo yanaangaliwa, sio kwa pupa kwasababu kalsiamu ikikimbizwa inaweza kuuvuruga moyo. Pumzi zikapanda 16, baadae 18. Mtu akakaa kitandani usiku mzima kwa zamu, kwasababu kalsiamu inazuia tu madhara, magnesiamu yenyewe bado iko mwilini mpaka figo ziitoe, na mgonjwa anaweza kuzama tena. Mkono ulianza kuruka baada ya usiku wa manane. Asubuhi majibu ya kreatinini, kipimo cha damu cha figo, yakarudi yako juu, diklofenaki ikakatwa akabaki na parasetamo, mkojo ukaanza kufunguka, na daktari bingwa akaamua magnesiamu irudishwe pale tu alama zote zilipokuwa zimerudi, wakamalizia masaa 24 toka kujifungua. Hakudegedeka. Alitoka na mtoto wake.

Sasa tuchambue.

Sahihi tano mnazijua hata mkiamshwa usingizini: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, muda sahihi. Nenda nazo kwenye kitanda hiki saa mbili na robo usiku. Mgonjwa ndo yeye. Dawa ndo yenyewe. Gramu 5 ndo dozi ya mentenansi kila masaa manne. Njia ni misuli, ndani kabisa, tako lingine. Muda, chati inasema sasa. Ungepewa maksi zote kwenye mtihani wa vitendo na ungekuwa umemuua mtu. Hizo tano zinakuonyesha kwamba dawa uliyoishika ndo ile iliyoandikwa. Kuhusu mwili utakaoipokea saa hii hazisemi chochote. Kwa magnesiamu ruhusa ya kuchoma haitoki kwenye oda, inatoka kitandani, kila mara, upya, na ina masharti matatu: refleksi ipo, pumzi ni 16 au zaidi kwa dakika, mkojo ni angalau mililita 30 kwa saa kwa masaa manne yaliyopita. Likikosekana moja unasimama. Mama huyu alikosa yote matatu.

Kwanini haya matatu? Magnesiamu inamkinga mama asidegedeke, lakini kwenye ncha ya mshipa wa fahamu inashindana na kalsiamu, na bila kalsiamu kuingia pale ujumbe wa kukaza msuli hautoki vizuri. Ndo maana kalsiamu ni dawa yake. Kipimo kizuri cha kukinga ni kama milimoli 2 mpaka 3.5 kwa lita ya damu, refleksi zinapotea kuanzia kama 3.5 mpaka 5, msuli wa kupumua unalegea kuanzia kama 5, na moyo unasimama juu zaidi, zaidi ya 12. Ona mpangilio huo ulivyo wa huruma. Goti linanyamaza kabla pumzi haijakatika, kwahiyo hata kwenye zahanati ambayo haina maabara ya kupima magnesiamu unaye mlinzi anayepiga kelele mapema, unamgonga kwa nyundo ya elfu kadhaa au hata ukingo wa kiganja chako. Mlinzi akinyamaza ukajieleza kwanini amenyamaza, ukaendelea kuchoma, umejitoa mwenyewe kwenye ulinzi.

Na hapa ndo nataka tukae kidogo, kwenye yale maneno "ganzi ya mgongo". Saa kumi na robo maelezo yale yalikuwa ya kweli. Mama ametoka kupasuliwa, miguu imelala, goti haliwezi kuruka, nesi hakudanganya. Kosa la kwanza ni kwamba hakukuwa na kipimo mbadala: ganzi ya upasuaji wa uzazi inapanda mpaka usawa wa matiti, mikono kwa kawaida inabaki, kwahiyo mgonjwa yeyote wa magnesiamu aliyechomwa mgongoni anapimwa kiwiko. Kosa la pili ni baya zaidi na ni la kwetu wote, maelezo yalihamishwa kutoka shifti moja kwenda nyingine bila mtu kuuliza bado ni ya kweli? Ganzi ile kwa kawaida inaachia miguu ndani ya masaa mawili mpaka manne hivi. Sababu iliyokuwa sahihi saa kumi jioni, saa mbili usiku ilikuwa imeshakufa, lakini kwenye daftari la makabidhiano ilikuwa hai. Ukipokea shifti ukaambiwa "hili ni kwasababu ya lile", lile nalo nenda kaliangalie.

Jinsi ya kupima, manake nimeona wanafunzi wanagonga goti la mgonjwa aliyenyoosha mguu kitandani alafu wanaandika hakuna. Pitisha mkono wako chini ya magoti yake yakunjike na mguu uning'inie mzito mkononi mwako, kama anakusaidia kuubeba basi hajalegea, mwambie ang'ate meno au ashikanishe vidole vyake avute, gonga chini kidogo ya kifuniko cha goti. Angalia msuli wa paja, mguu wenyewe unaweza usirushwe lakini paja likatikisika. Kwenye kiwiko mkono wake ulale tumboni, tafuta ule uzi mnene kwa ndani ya kiwiko, ukandamize kwa dole gumba na ugonge dole lako, utausikia unavuta chini ya dole hata kama macho hayajaona kitu. Na mpime KABLA ya dozi ya kwanza ili ujue goti lake la kawaida likoje, wagonjwa wa presha ya mimba mara nyingi magoti yao yanaruka kupita kiasi, kwahiyo hata kurudi kwenye "kawaida" kwa haraka ni habari ya kumwambia mtu.

Mkojo. Magnesiamu karibu yote inatoka kwa njia ya figo, hakuna mlango mwingine. Mililita 70 kwa karibu masaa matano ni kama 15 kwa saa, nusu ya inayotakiwa. Kila kinachochomwa kinakaa. Mpaka saa kumi na robo mama alikuwa amepokea gramu 24, ambazo kwa mtu anayekojoa vizuri ni ratiba ya kawaida kabisa. Alafu juu ya figo ambazo presha ya mimba imeshazibana ikaongezwa diklofenaki, dawa inayopunguza damu inayoingia kwenye figo. Oda za baada ya upasuaji zinaandikwa kwa mazoea, diklofenaki ipo kwenye mkono wa kila daktari mdogo, na wewe nesi ndo mtu wa mwisho mwenye nafasi ya kusema huyu mkojo wake mdogo, tunaweza kumpa kitu kingine? Ila angalizo, mkojo ukiwa kidogo kwa mama wa presha usikimbilie kumfungulia lita mbili za dripu. Mishipa yake inavuja na maji yatahamia kwenye mapafu, wengi wanabana jumla ya maji kwenye mililita 80 kwa saa. Ndo maana usiku ule daktari hakumjaza maji na alikuwa sahihi.

Mfuko wa mkojo wenyewe ulikuwa unaning'inia pale muda wote, tatizo hakuna aliyeandika ulikuwa na kiasi gani saa ngapi. Mfuko unaosomwa mara moja kwa shifti hauwezi kukuambia mililita kwa saa.

Alafu kuna pumzi. Chati ya mama huyu tangu saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili usiku inasoma 20, 20, 20, 20. Mwanafunzi akahesabu akapata 13. Sitaki kumsema mtu, najua manesi wawili kwenye wodi iliyojaa maana yake nini, lakini pumzi za kukisia ni hatari kuliko nafasi iliyoachwa wazi. Nafasi wazi inamwambia anayekuja kwamba hajapimwa. 20 inamwambia lala, yuko salama. Kama huna muda wa kupima wagonjwa wote kila saa, chagua wa magnesiamu umpime huyo kwa ukweli na wale wengine uandike ukweli kwamba hujawafikia.

Narudi kwenye barua ya kituo. Iliandikwa dozi ya kuanzia imetolewa "saa 4:00". Aliyeandika alimaanisha saa nne asubuhi. Aliyepokea Moshi, ambaye amezoea chati za masaa 24, akasoma alfajiri, 04:00, akaona mama amechelewa mentenansi masaa manne na zaidi, akamchoma saa sita na dakika 20, wakati dozi ile ilitakiwa saa nane mchana. Kwahiyo ratiba yote iliwahi kwa karibu masaa mawili. Je, masaa mawili ndo yalimuumiza? Mi naona hapana, sio peke yake, mwenye figo nzima angeyapita bila hata kujua, ila kwa huyu ilikuwa ni mzigo juu ya mzigo. Na ni kosa ambalo huku kwetu linatokea kirahisi mno kwasababu tunaongea saa ya Kiswahili na tunaandika saa ya chati. Andika 10:00 au andika "saa nne asubuhi" kwa maneno, hiyo "4:00" iacheni kabisa. Na ukipokea rufaa ya magnesiamu piga simu uulize, namba ya kituo ipo kwenye barua.

Kuna kitu nimekiona baada ya visa kama hiki, wanafunzi wanaiogopa dawa yenyewe. Wanaanza kusogeza dozi mbele, kupunguza, kuomba mwingine achome. Hapana jamani. Utafiti mkubwa uliotoka 2002, wanawake zaidi ya 10,000 kwenye nchi 33, ulionyesha magnesiamu inapunguza hatari ya kudegedeka kwa zaidi ya nusu, na mama anayekosa dozi yake kwa uoga wako anaweza kudegedeka asubuhi. Usiku ule dozi haikuzuiwa na uoga. Ilizuiwa na vipimo vitatu vilivyopimwa, na ilirudishwa na vipimo vilevile vilipokuwa sawa. Ukipima ukakuta goti linaruka, pumzi 18, mkojo mililita 200 kwa masaa manne, choma, tena choma kwa wakati.

La bibi na mtori nalo lisipite hivihivi. Kijiko kuponyoka, ulimi mzito, kope kufunga, hizo ni dalili za misuli kulegea na bibi aliziona masaa kabla ya chati. Aliyekaa na mgonjwa anajua anavyoongea siku zote, wewe umekutana nae leo. Ukiwa unaanza magnesiamu waambie ndugu kwa lugha ya kawaida: hii dawa itampa joto na itachoma kwenye tako, hiyo ni kawaida, ila mkimuona anaongea vibaya, anaona vitu viwiliviwili, ameshindwa kushika kitu au anapumua polepole, njooni muda huohuo hata kama tumekasirika.

Wodi ilifanya mabadiliko machache wiki ileile. Chati ya magnesiamu ina safu mbili za refleksi sasa, goti na mkono, na ukiandika hakuna kwa goti huruhusiwi kuacha mkono wazi. Kwenye makabidhiano mgonjwa wa magnesiamu anapimwa na wote wawili, anayetoka na anayeingia, wakiwa kitandani. Boksi la dharura lilikuwa na kalsiamu ampuli moja, saivi zinakaa tatu na mwanafunzi wa usiku ndo anahakiki tarehe zake akianza zamu. Kituo cha Rombo walipigiwa simu, wakapokea vizuri, na wao wakaomba wapewe hiyo chati. Suala la diklofenaki bado lina mvutano kati yetu na madaktari, wanasema wagonjwa wengi wa presha wanaipata bila shida na hilo ni kweli. Tulichokubaliana mpaka sasa ni kwamba haichomwi kabla mkojo wa masaa manne haujaandikwa, na ukiwa chini ya mililita 120 nesi anampigia daktari kwanza.